Pimbi na Likizo Isiyo na Mwisho

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile ambapo wanyama walikuwa na simu na watu hawajapata hata kiberiti, aliishi Pimbi mmoja. Na wewe uliyenyoosha mkono, ushushe. Umeme waliutoa wapi ni hadithi nyingine, na mimi siijui.

Pimbi alikuwa mdogo, wa kuenea ndani ya kikapu cha mayai, na alikuwa fundi wa programu. Mnyama akitaka kujua maji yako wapi, anafungua simu, anabonyeza, na simu inamwambia: maji yako pale. Kuifundisha simu maneno hayo ndiyo ilikuwa kazi ya Pimbi. Vidole vyake vilikimbia juu ya mashine, ta-ta-ta-ta-ta, kama mvua juu ya bati.

Pande hizo zilikuwa na kampuni mbili. Ukingo huu wa mto ilikuwapo kampuni ya Tembo, ng'ambo ya pili kampuni ya Kiboko. Tembo alikuwa amesomea Marekani. Kiboko alikuwa amesomea Ulaya. Nanyi mnawajua wanaorudi kutoka huko. Hata chai hawawezi tena kuinywa walivyoinywa kwa mama yao.

Tembo alirudi na haraka. Kwake kila kitu kilitakiwa leo, ikiwezekana jana. Ofisini mwake palikuwa na ndizi za bure, karanga za bure, na mikeka ya bure chini ya meza, ili mtu asipate sababu ya kwenda kwake. Tena hakutaka kuitwa bosi.

"Hapa sisi ni familia," alisema. "Niiteni Tembo tu."

Nyumbu wake arobaini wakatazamana. Mzee mwenye pembe ndefu namna ile umwite jina lake kavukavu? Wao walilelewa. Basi wakakata shauri kumwita Mzee Tembo Tu, naye akafurahi, akadhani wamemzoea.

Kiboko yeye alirudi na utaratibu. Aliitwa Mheshimiwa Daktari Kiboko, na ukisahau Daktari anakungoja urudie. Ikifika saa kumi jioni, kalamu chini, hata kama neno lilikuwa limeandikwa nusu. Mwezi wa nane mzima ofisi inafungwa, wote wanazama mtoni, huoni hata ncha ya sikio. Programu yake ya maji ilikuwa inaingia mwaka wa tatu haijatoka, kwa sababu kamati ilikuwa bado inajadili kama samaki wameombwa ruhusa ya maji yao kuonyeshwa.

Ya Tembo ilitengenezwa kwa siku mbili. Siku ya tatu iliwapeleka pundamilia kumi na wawili moja kwa moja kinywani mwa mamba.

"Tumejifunza mengi sana," Tembo alitangaza, akitabasamu. "Tunasonga mbele."

Pundamilia wale hawakusonga popote.

Pimbi alifanya kazi kwa Tembo. Angependa kufanya kwa Kiboko, na barua ya maombi alikuwa ameshaipeleka, lakini kamati ya ajira ilimjibu kwamba barua imepokelewa, inaheshimiwa, na itasomwa masika mbili zikipita.

Sasa sikilizeni lililokuwa linamkera roho. Pimbi alikuwa mjamzito, na haikuwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza alizaa watoto wawili, Tembo akamtumia maua makubwa kuliko mlango wake, akampa siku kumi. Siku ya kumi na moja simu ikalia, tiriri, Pimbi akaenda. Akawa anatoka watoto wamelala, anarudi wamelala. Aliyewalea ni mama yake. Basi siku moja akawahi kurudi, jua bado liko, na wale watoto wakakimbilia chini ya tumbo la bibi yao.

"Bibi," mmoja akasema, "kuna mtu mlangoni."

Pimbi aliingia, akala, akaoga, akaenda nyuma ya jiwe akalia. Aliona aibu na aliona hasira, yote mawili kwa pamoja. Akasema moyoni: hawa wanaokuja watanijua. Mtoto wa pimbi hunyonya miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu nitakaa nao, liwalo na liwe.

"Si ukaombe likizo," mama yake alimwambia. Mama Pimbi alikuwa anaota jua juu ya jiwe, macho ameyafumba. "Kwenu si mnasema haina mwisho?"

Na kweli walisema. Mlangoni kwa Tembo palikuwa na kibao kikubwa: LIKIZO ISIYO NA MWISHO, CHUKUA UTAKAVYO. Kibao kilikuwa na miaka sita. Katika miaka hiyo alijaribu mmoja tu, Nyumbu aliyetaka kwenda kumzika shangazi yake. Tembo hakumkataza. Alimtazama tu kwa huzuni, akasema, "Nenda, ndugu yangu. Sisi wenye uchungu na kampuni tutabaki." Nyumbu akarudi mezani kwake. Shangazi akazikwa na majirani.

"Mama, ile likizo ni ya kusomwa," Pimbi alisema. "Si ya kuchukuliwa."

"Basi mfanye aitake yeye," mama yake akasema, akageukia upande wa pili ili mbavu za huko nazo zipate jua.

Pimbi akaenda kazini na maneno hayo, akayatafuna wiki nzima.

Mwezi wa sita likaja kongamano la makampuni. Kila mwaka Twiga alikuwa akitoa kombe kwa kampuni inayowatunza wafanyakazi wake kuliko wenzake, na kila mwaka kombe likavuka mto kwenda kwa Kiboko. Tembo alilitaka kombe lile mno, hata rafu ya kuliweka alikuwa ameshaichonga.

"Kampuni yangu," Kiboko alianza jukwaani, "inatoa siku thelathini za likizo. Zimeandikwa. Zimepigwa muhuri. Asiyezichukua anaitwa kujieleza."

"Thelathini?" Tembo akacheka mpaka jukwaa likayumba, gidi-gidi-gidi. "Ndugu zangu, kwangu hazihesabiki."

Makofi yakapigwa. Pimbi alikuwa ameketi mstari wa mbele, tumbo limemtangulia. Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Daktari," akamwambia Kiboko, "unayaamini hayo?"

"Siyaamini," Kiboko akajibu. Huko Ulaya alifundishwa kulisema jambo lilivyo, bila sukari. "Ni upuuzi. Anionyeshe mmoja aliyewahi kuichukua."

Tembo akawageukia nyumbu wake. Nyumbu wote arobaini wakawa wanazikagua kwato zao.

"Mzee Tembo Tu," Pimbi akasema, kwa sauti ya mtu anayejitoa mhanga, "niache niichukue mimi. Kwa ajili ya kampuni."

Tembo akainama, akamnong'oneza. "Pimbi, wewe ndiye fundi wangu. Wiki hii tumebanwa."

"Najua, mzee. Ndiyo maana itauma, na ndiyo maana watasadiki. Wala mimi sitapumzika kivivu. Nitapumzika asubuhi, nitapumzika mchana, Jumapili nitapumzika. Kiboko anao wapumzikaji wa siku thelathini, wanachoka, wanaacha. Wewe utakuwa na mpumzikaji asiyekata tamaa. Nitavunja rekodi."

Macho ya Tembo yakaanza kung'aa. Neno rekodi lilimwingia kuliko muwa.

"Mpumzikaji Mkuu," akasema taratibu, kama anaonja.

"Mkuu, mzee."

"Na ripoti nitapata?"

"Kila wiki."

Tembo akasimama wima. "Anaichukua," akatangaza. "Kuanzia sasa hivi."

"Mpaka lini?" Kiboko akauliza.

"Mpaka wewe mwenyewe ukiri kwamba ni ya kweli." Na Twiga akayaandika hayo.

"Mimi peke yangu siwezi kukiri," Kiboko alisema. "Kwetu inakiri kamati. Itachunguza, wajumbe wote wataridhika, ndipo tutasema."

"Ichunguze hata kesho," Tembo akasema.

Pimbi akashuka kitini polepole, akaenda kwake. Siku ya tatu akazaa pacha, macho wazi, manyoya tayari, midomo inatafuta maziwa.

Basi wanangu, akapumzika. Asubuhi aliwatoa watoto juu ya jiwe, wakubwa wakaja wakalala miguuni pake, bibi yao pembeni, wote wamenyooka juani kama nguo zilizofuliwa. Jumamosi ikifika, anaandika ripoti.

*Wiki ya kwanza. Saa za kupumzika: mia moja na arobaini. Saa ishirini na nane zilizobaki nilikuwa nazaa.*

Tembo akapiga simu papo hapo. "Umetisha, Pimbi. Umetisha kabisa." Ile ripoti akaibandika ukutani, akawaita nyumbu. "Mnamwona mwenzenu? Huyo ndiye anayejituma." Nyumbu wakaona wivu, hawakujua ni wa nini hasa.

Ripoti ya pili ilisema saa mia moja na sitini na mbili.

"Nimepiga hesabu," Tembo akasema simuni. "Kuna saa sita umezipoteza. Zilikwenda wapi?"

"Nilikuwa nanyonyesha, mzee. Nitajirekebisha."

"Nyonyesha ukiwa umelala."

"Shauri zuri, mzee. Sijui tungefanyaje bila wewe."

Mwezi wa saba ikafika kamati ya Kiboko. Wajumbe walikuwa watatu: Kobe, Kinyonga na Konokono. Usicheke, ndivyo walivyochaguliwa, kwa kura. Kobe alikuwa mwenyekiti, na mgongoni alibeba fomu yenye maswali mia moja na manne.

"Hodi hapa," Kobe akasema.

"Karibuni," Mama Pimbi akaitikia.

Kobe akaikunjua fomu, akaivaa miwani. "Bi Pimbi, swali la kwanza. Je, uko likizo?"

Pimbi hakufumbua macho. Akamsogelea mama yake sikioni, psi psi psi.

"Mwanangu anauliza," Mama Pimbi akasema, "kwenu nyinyi mtu akiwa likizo, anaruhusiwa kuulizwa mambo ya kazi?"

Kobe alishtuka, kichwa kikaingia ndani chote. "Haramu," kikasema humo humo ndani. "Kifungu cha tisa. Kumsumbua aliye likizo ni kosa kubwa kuliko yote tuliyo nayo."

"Na maswali haya ni ya nini?"

"Ya kazi."

"Basi, baba, mnamsumbua."

Wajumbe wakarudi nyuma hatua tatu, wakaomba radhi kwa kuinama, wakaketi mbali kufanya kikao. Kinyonga alikuwa amebadilika rangi mara nne.

"Tungoje likizo iishe," akasema, "ndipo tumuulize kama alikuwa likizo."

"Itaisha lini?" akauliza Konokono.

"Kamati ikisharidhika."

"Na kamati itaridhika lini?"

"Tukishamuuliza."

Wakaandika yote hayo kwa mwandiko mzuri, wakayasoma mara mbili, hawakuona kasoro. Wakatia sahihi. Ilikuwa saa kumi kasorobo, wakaweka kalamu chini mapema kwa sababu ya safari. Kobe na Kinyonga walifika kwao. Konokono mwezi wa nane ulimkuta njiani, akasimama pale pale, akaanza likizo.

Juu ya jiwe Pimbi alicheka mpaka akawaamsha pacha. Halafu akahesabu kwa vidole. Miezi miwili kasoro siku chache ilikuwa imepita. Umebaki mmoja na kitu.

Lakini huko kwa Tembo mambo yaliharibika. Programu iliugua. Mnyama akiuliza maji yako wapi, simu inamwambia: juu ya mlima. Nyati mia moja walikuwa wameshaanza kupanda. Nyumbu wakabonyeza hiki, wakabonyeza kile, wakaifanya mashine itoe moshi, fuuu. Tembo akapeleka ujumbe kwa Kiboko akiomba kamati imalize haraka, aweze kumrudisha fundi wake. Akakuta kibao kinaelea mtoni: TUMEZAMA. TUTAIBUKA TAREHE MOJA MWEZI WA TISA.

Tembo akasimama ukingoni, anakitazama kibao. Alikuwa mtu wa haraka, si mtu wa akili nyepesi. Jambo likimfikia linamfikia lote. Mimi sikumpa Pimbi likizo, akasema moyoni. Pimbi amejipa mwenyewe, mimi nikamshikia mlango.

Du. Du. Du. Mawe yakaanza kurukaruka. Mama Pimbi akafumbua jicho moja.

"Mzee wako huyo anakuja," akasema, "na hajaja kukupongeza."

Tembo akasimama mbele ya jiwe, masikio yamefunguka, vumbi mpaka kopeni.

"Umenichezea," akasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umenichezea, Pimbi. Leo hii unarudi mezani, au leo hii huna kazi. Chagua."

Kwa Tembo ilikuwa hivyo: kazi unapewa asubuhi bila kamati, na jioni unanyang'anywa bila kamati. Pale juu ya jiwe walikuwa sita, na wote walikula kwa mshahara wake. Akawatazama pacha. Mmoja alikuwa anamfuata kwa macho kila anakogeuka. Akaona hawezi kuwaacha, na akaona hawezi kuwalaza njaa.

"Nitarudi, mzee," akasema. "Nipe dakika mbili nifunge mzigo. Keti."

"Nasimama."

"Mzee, mgeni akisimama mlangoni kwangu mama atanisema mwaka mzima. Egemea jiwe tu, hata kuketi usiketi."

"Nitamsema," Mama Pimbi akasema.

Sasa, lile jiwe lilikuwa linanyweshwa jua tangu asubuhi. Na Tembo, wanangu, tangu arudi kutoka Marekani alikuwa na miaka kumi na mmoja hajaegemea kitu chochote. Akaegemea.

"Lina joto," akasema.

"Hilo ni la asubuhi. La mchana halijaingia vizuri."

"Dakika mbili."

"Mbili, mzee."

Goti la kwanza likakunjika. La pili likalifuata lenzake. "Nafumba jicho hili moja," Tembo akasema, "hili lenye vumbi." Jicho la pili likaona halina sababu ya kubaki peke yake.

Korrr. Korrrr. Ndege wakahama mti.

Pimbi hakufunga mzigo wowote. Aliwanyonyesha pacha mpaka wakalegea, akawabeba mmoja mmoja, akapanda taratibu juu ya bega la Tembo, akawalaza kwenye mkunjo wa sikio lake. Halafu akashuka, akaketi, akangoja.

Dakika mbili zikapita, na nyingine, na nyingine. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama Tembo alipogutuka. "Nini? Saa ngapi?" Akataka kuinuka.

"Usitikisike," Pimbi akanong'ona. "Wamelala."

"Nani?"

"Watoto. Wako sikioni mwako."

Tembo akalizungusha jicho, polepole, mpaka likafika. Akawaona wawili, kila mmoja ukubwa wa embe, midomo inanyonya hewa ndotoni. Alikuwa amewaendesha nyumbu arobaini miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala karibu naye bila kuogopa. Akaona raha. Raha yenyewe ikamtia hofu, maana hakujua inakaa muda gani.

"Wataamka lini?" akanong'ona.

"Hao hawana saa, mzee."

Tiriri. Simu ya Tembo. Mtoto mmoja akakunja uso. Tembo akainyakua kwa mkonga kabla haijalia mara ya pili.

"Mzee Tembo Tu, uko wapi?" Alikuwa Nyumbu, anahema. "Nyati wamefika kileleni. Wanauliza maji. Tufanyeje?"

Tembo akaitazama simu. Akalitazama sikio lake. Akamtazama Pimbi, na Pimbi akatazama pembeni, kama mtu asiyehusika.

"Waambie washuke," Tembo akanong'ona. "Mimi niko likizo."

"Kumbe inachukulika?" Nyumbu akauliza.

Ndani ya simu ikaanza ngurumo, gidigidi gidigidi gidigidi, nyumbu arobaini wanatoka kwa mlango mmoja, meza zinapinduka, karanga za bure zinamwagika, na mwishowe kibao kikubwa kinaanguka, kwaa.

Pacha walipoamka hapakuwa tena na ofisi ya kurudi. Yuko nani huko wa kumuuliza Pimbi mbona amechelewa? Mshahara wake nao ukaendelea kuja, maana wa kumfukuza alikuwa naye likizo. Tembo mwenyewe akabaki pale jiweni, leo kwa sababu watoto wamelala, kesho kwa sababu wanakaribia kulala. Mwezi wa tatu wa kunyonyesha ukaisha wote wapo. Watoto wakaachishwa ziwa, wakaanza kusema. Pimbi walimwita mama. Tembo walimwita kitanda.

Basi, wanangu, siku mtakapoajiriwa, mkipewa kitu kisicho na mwisho, ulizeni kwanza ni nani aliyewahi kukianza.